Mrija wa nyongo umebanwa na kovu baada ya upasuaji: je, roboti ni lazima?

Kaka wa Pangani

Wanajukwaa, salaam. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 38, mama wa watoto watatu, ambaye mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo ili kuondoa mfuko wa nyongo uliokuwa na mawe. Aliruhusiwa siku ya pili, nasi tukaamini kwamba yamekwisha. Wiki ya tano alikuja kunitembelea, na alipogeuka kunipokea kikombe niliona weupe wa macho yake umepata rangi ya bizari. Nilipomuuliza ndipo akasema kwamba kwa siku kadhaa mkojo wake umekuwa kama chai ya mkandaa, choo kimekuwa cheupe kama udongo mkavu, na usiku halali kwa muwasho, kiasi kwamba hujikuna mikono kwa kitana mpaka ngozi inachubuka.

Sitaitaja hospitali iliyomfanyia upasuaji huo, kwa kuwa malalamiko yetu tumekwisha kuyapeleka panapohusika. Picha ya MRCP, yaani picha ya mirija ya nyongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ilionyesha kwamba mrija mkuu wa nyongo umebanwa na kovu, kidogo tu chini ya pale mrija wa kulia na wa kushoto wa ini inapokutana, na vibanio vya upasuaji wa kwanza viko jirani kabisa na pale palipobana. Walijaribu mara mbili kupita kwa kamera ya mdomoni, yaani ERCP, ili wapanue na kuweka stenti, yaani kijibomba cha kuuacha mrija wazi, lakini waya haukupita. Hatimaye aliwekewa mpira unaopenya ngozi ya ubavuni hadi ndani ya ini, na kwa miezi miwili sasa nyongo yake inatoka kwenye mfuko wa plastiki anaotembea nao. Umanjano umepungua, muwasho umekwisha, lakini amekonda sana.

Sasa tuna ushauri wa aina mbili. Daktari bingwa wa hapa nyumbani anasema atafungua tumbo kwa mkato chini ya mbavu za kulia, aondoe kovu na kuunganisha mrija na utumbo. Hospitali moja ya India tuliyoipelekea picha inasema itafanya kazi hiyohiyo kwa roboti, na gharama yake, ukiacha nauli, inazidi kwa takriban theluthi moja ile ambayo hospitali hiyohiyo ingetoza kwa upasuaji wa wazi. Familia imegawanyika. Mama anaogopa mkato mkubwa, mume wake anaogopa mashine, na mimi naogopa kuuza shamba kwa ajili ya kitu ambacho pengine hakibadilishi matokeo. Naomba anayefahamu atueleze roboti hiyo inaongeza nini hasa katika tatizo la namna hii, ambalo madaktari wote wamethibitisha kwamba si saratani.

Mpasuaji wa Bara

Ndugu Kaka wa Pangani, poleni sana, na umpe pole mgonjwa. Mimi ni daktari wa upasuaji na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa ini na mirija ya nyongo. Sijamwona mgonjwa wenu, kwa hiyo nitaeleza jambo lenyewe lilivyo, na mengine mtayakamilisha na daktari anayemshika mkono.

Umemalizia kwa kusema kwamba si saratani, nami nataka nianzie hapohapo. Mgonjwa mwenye saratani ya kongosho anapotengenezewa njia ya kupitisha nyongo, mara nyingi tunatafuta njia itakayomtosha kwa muda aliobakiwa nao. Mdogo wako ana miaka 38. Kiungo atakachotengenezewa kinatakiwa kipitishe nyongo mchana na usiku kwa miaka 40 na zaidi, na kikibana tena baada ya miaka mitano ini lake litaumia polepole huku yeye akijiona mzima. Kwa hiyo mnapolinganisha roboti na mkato, msilinganishe siku za kulazwa na urefu wa kovu peke yake. Mambo hayo yana uzito wake, lakini ni ya mwezi mmoja, na uamuzi wenu ni wa miongo minne.

Kazi yenyewe huwa hivi. Daktari hupanda juu ya kovu mpaka afike kwenye mrija wenye afya na damu ya kutosha. Kisha hukata utumbo mwembamba, huuinua upande mmoja kama sentimita 40 hadi 60 mpaka chini ya ini na kuushona kwenye mrija, halafu upande wa pili huungwa chini yake ili chakula kiendelee na safari bila kupanda kwenye ini. Umbo linalopatikana ni kama herufi Y, na linabeba jina la César Roux, mpasuaji wa Lausanne, Uswisi. Kwa kovu lililo juu kama la mdogo wako kuna mbinu iliyoelezwa na Wafaransa Hepp na Couinaud mwaka 1956: mrija wa kushoto wa ini hutembea kwa urefu fulani ukiwa nje ya nyama ya ini, kwa hiyo ukiushusha kwa uangalifu unaweza kuupasua kwa urefu wake, na badala ya tundu la milimita chache ukapata mdomo wa sentimita mbili au zaidi. Mdomo mpana, damu ya kutosha, na mshono usiovutwa: hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kiungo kitadumu, na hakuna mashine inayoweza kuyaleta ikiwa mkono unaoiendesha hauyajui.

Roboti inasaidia wapi? Katika kushona. Vyombo vya kawaida vya upasuaji wa matundu ni virefu na vimenyooka, na kushona mrija mwembamba chini ya ini kwa vyombo hivyo ni kazi ngumu hata kwa mwenye uzoefu. Vyombo vya roboti vina kifundo kama cha mkono, vinageuka kila upande, daktari anaona kwa kina na kwa ukubwa wa hadi mara 10, na mtetemo wa vidole unachujwa. Uzi unaotumika hapa ni mwembamba kama unywele, na kila mshono lazima ushike utando wa ndani wa mrija na utando wa ndani wa utumbo. Nimeshona kwa njia zote tatu, na nakiri kwamba katika hatua hii ya kushona, roboti imenipunguzia taabu nyingi.

Udhaifu wake uko katika hatua inayotangulia. Mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa, akavuja au akabana, huwa na tumbo lililogandamana: utumbo umeshikamana na ini, na mishipa ya damu imefichwa ndani ya kovu. Hapo vidole ni macho. Mashine nyingi zinazotumika hazimpi daktari hisia ya mguso, ingawa toleo jipya la roboti ya upasuaji iitwayo da Vinci lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 limeanza kurudisha hisia hiyo kwa kiasi.

Kuhusu ushahidi, ripoti zilizopo zinatoka katika vituo vichache vyenye wagonjwa wengi wa aina hii, kama vile Mexico, India na Chicago. Ripoti ya Mexico City ya mwaka 2019 ililinganisha wagonjwa 75 waliorekebishwa mirija iliyojeruhiwa, 40 kwa matundu ya kawaida na 35 kwa roboti, na makundi yote mawili yalifanya vizuri. Inatuonyesha kwamba mikono mizoefu inaweza kuifanya kazi hii kwa roboti kwa usalama. Haituonyeshi kwamba mikono isiyo mizoefu itakuwa mizoefu kwa kununuliwa roboti. Ndiyo maana takwimu ninayoithamini zaidi ni ya zamani. Mwaka 1995 Stewart na Way wa San Francisco walionyesha kwamba marekebisho yaliyofanywa na daktari yuleyule aliyeujeruhi mrija yalifanikiwa kwa asilimia 17, na yaliyofanywa na bingwa wa mirija ya nyongo yalifanikiwa kwa asilimia 94. Sijapata kuona pengo la ukubwa huo kati ya mkato na roboti.

Kabla ya lolote, ulizeni kama mshipa wa damu wa upande wa kulia wa ini umepimwa kwa CT. Unapita nyuma ya mrija, na mara nyingi hujeruhiwa pamoja nao. Familia hazilijui hili, na wakati mwingine hata barua ya rufaa hailitaji.

Kijana wa Kigali

Namheshimu daktari aliyetangulia, lakini naona ameibana roboti kupita kiasi. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, si daktari. Mfuko wa nyongo ulikwisha kuondolewa kwa msaada wa roboti huko Brussels mwaka 1997. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Mfaransa Jacques Marescaux, akiwa New York, aliondoa kwa roboti mfuko wa nyongo wa mama wa miaka 68 aliyekuwa amelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Taasisi aliyoianzisha, IRCAD, ilifungua kituo chake cha Afrika hapa kwetu Kigali mwaka 2023, na madaktari wa nchi nyingi wanakuja kufundishwa upasuaji wa matundu madogo. Teknolojia imepita hatua ya majaribio. Mkono wa binadamu unatetemeka na unachoka. Mashine haitetemeki wala haichoki. Ikiwa familia ina uwezo, kwa nini mgonjwa arudishwe kwenye mkato wa miaka 50 iliyopita, mkato ambao utauma kila anapokohoa na ambao unaweza kuleta ngiri baadaye?

Pia tusisahau kwamba huyu dada aliumizwa na upasuaji wa matundu wa kawaida. Pengine kama angefanyiwa kwa roboti tangu mwanzo, haya yasingetokea.

Mpasuaji wa Bara

Kijana wa Kigali, nakushukuru, na kuhusu maumivu na ngiri umesema kweli, wala sitaki yadharauliwe. Mkato wa chini ya mbavu unauma, na mama wa watoto watatu ana haki ya kuulizia njia nyingine. Lakini sentensi yako ya mwisho siwezi kuiacha ipite, maana wapo watakaoisoma wakiwa wanasubiri kuondolewa mfuko wa nyongo.

Mwaka 2023 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa zaidi ya milioni moja wa Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, walioondolewa mfuko wa nyongo. Majeraha ya mrija wa nyongo yaliyohitaji kurekebishwa yalikuwa asilimia 0.7 kwa waliofanyiwa kwa roboti na asilimia 0.2 kwa waliofanyiwa kwa matundu ya kawaida. Ni zaidi ya mara tatu. Sisemi kwamba chuma ndicho kilichowajeruhi. Jeraha la mrija kwa kawaida hutokana na jicho: daktari anaona mrija mkuu, anadhani ni ule mdogo wa mfuko, anaubana na kuukata kwa utulivu kabisa. Mkono usiotetemeka utakata mrija usiotakiwa bila kutetemeka. Kinachozuia kosa hilo ni kusafisha eneo mpaka uone wazi kwamba ni vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, kusimama ukiwa na shaka, na kumwita mwenzako. Nasi tunaofundisha vijana tunalirudia hilo kila siku kwa sababu tunawapokea akina dada kama huyu.

Kwa wengine wanaosoma, naongeza kwa kifupi kwamba mrija wa nyongo unaweza kuzibwa na mambo mengi yasiyo saratani, na roboti haihusiki na yote. Jiwe lililoteremka kwenye mrija kwa kawaida hutolewa kwa ERCP, njia iliyoanza kutumika kukata mlango wa mrija mwaka 1974, bila kupasua tumbo. Minyoo ya tumboni aina ya Ascaris inaweza kuingia huko. Kuvimba kwa kongosho kwa muda mrefu hubana sehemu ya chini ya mrija. Watoto wengine huzaliwa na mrija uliotanuka kama puto, ambao lazima uondolewe, na kwa hao upasuaji wa roboti umefanyika sana, hasa Asia. Lakini mtu ambaye hajawahi kupasuliwa akipata umanjano usio na maumivu, asiambiwe haraka kwamba si saratani.

Mama wa Likoni

Wanangu, nami niseme kidogo, maana nimeyapitia haya kwa mwili wangu. Mwaka 2012 niliondolewa mfuko wa nyongo, mrija ukajeruhiwa, na baada ya miezi minne nikafanyiwa huo upasuaji wa kuunganisha na utumbo, kwa mkato. Wakati huo hakuna aliyenitajia roboti. Kovu langu linaanzia karibu na chembe cha moyo likifuata mbavu hadi ubavuni, na kwa wiki tatu nilikuwa nikitaka kukohoa nashika mto tumboni kwa mikono miwili. Sitakudanganya mwanangu, yaliuma. Lakini mwezi wa tatu nilikuwa nauza mahamri yangu kivukoni kama kawaida.

Ninalotaka mjue ni la baada ya hapo, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Mwaka wa pili, mchana wa jua kali, nilishikwa na baridi ya ghafla nikatetemeka mpaka meno yakagongana, nikajifunika blanketi mbili, na jirani akasema ni malaria. Nilipimwa, malaria hakuna, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Siku ya pili mkojo ukabadilika. Nilipofika kwa daktari aliyenipasua alisema ni maambukizo kwenye mirija ya nyongo, akanilaza siku sita kwa dawa za mshipani. Yamenirudia mara moja tu tangu hapo, na mara hiyo sikungoja. Sasa nina karatasi iliyokunjwa ndani ya kipochi changu, imeandikwa nilivyounganishwa ndani, ili nikishikwa popote daktari asome. Kila mwaka napima damu ya ini, na kipimo ninachoangaliwa sana ni kile wanachokiita ALP, kwa kuwa huanza kupanda kabla macho hayajageuka rangi.

Kwa hiyo mwanangu, iwe roboti iwe mkato, uliza nani atakayemwangalia dada yako mwaka wa tano na wa kumi. India ni mbali kwenda kupima damu.

Muuguzi wa Ughaibuni

Shikamoo Mama wa Likoni, na salaam kwa wote. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji nchini Uingereza, na kwa wiki husaidia oparesheni za roboti mara tatu au nne. Nimeona shemeji yetu anaogopa mashine, kwa hiyo nimweleze anachoweza kukitarajia, kwa kuwa hofu nyingi hutokana na jina.

Mgonjwa huchomwa dawa ya usingizi kama kwa upasuaji wowote mkubwa. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, hutobolewa matundu manne au matano, mengi ya upana wa milimita 8, kisha tunasogeza gari la roboti na kufunga mikono yake kwenye matundu hayo. Daktari hukaa kwenye kiti, mita chache kutoka kitandani, paji la uso likiwa limeegemea kioo, na vidole vyake viko ndani ya vishikio viwili. Akisimamisha vidole, mashine inasimama. Akiondoa uso kwenye kioo, inajifunga. Kando ya kitanda anabaki daktari wa pili na mimi, tunabadilisha vyombo, tunafyonza damu, tunapitisha nyuzi. Kabla ya kila kazi tunakumbushana nani atafungua mikono ya roboti na nani atashika kisu endapo itatokea damu isiyozuilika, na seti ya vyombo vya upasuaji wa wazi huwa tayari chumbani. Kugeuza kutoka roboti kwenda mkato si kushindwa. Mara mbili nimemwona daktari akiamua hivyo mapema kabisa, kwa sababu kovu lilikuwa zito, na mgonjwa akatoka salama. Ninayemhofia ni daktari anayeona aibu kugeuza.

Kuna jambo moja lililonivutia tangu siku ya kwanza. Mgonjwa huchomwa rangi ya kijani iitwayo indosianini kwenye mshipa, ini huichukua na kuimwaga pamoja na nyongo. Daktari akibadilisha taa, skrini yote inakuwa na giza na mirija ya nyongo inang'aa kijani ndani ya nyama, kama mfereji unaoonekana kutoka kwenye ndege usiku. Rangi hiyohiyo humwonyesha kama ncha ya mrija na utumbo inapata damu ya kutosha kabla hajaanza kushona. Lakini kamera zenye taa hiyo zipo pia kwa upasuaji wa matundu ya kawaida na hata wa wazi, kwa hiyo msilipie roboti kwa ajili ya rangi.

Dokezo jingine kwa ndugu wa mgonjwa: nyongo inayotoka nje kila siku inaondoka na maji na chumvi, na pasipo nyongo tumboni mwili haufyonzi vizuri mafuta wala vitamini A, D, E na K. Kukonda kwake si ajabu. Andikeni kila siku mfuko umetoa mililita ngapi, anywe vya kutosha, damu yake ipimwe chumvi, na aulizwe kama amechomwa vitamini K, kwa sababu ikipungua damu haigandi ipasavyo wakati wa upasuaji.

Kijana wa Kigali

Daktari, nimeusoma huo utafiti wa 2023 na nakubali kwamba sentensi yangu ya mwisho haikuwa sahihi. Nilikuwa natazama kifaa na kusahau kwamba anayekitumia anaweza kuwa bado anajifunza. Namtakia dada shifaa. Naomba tu niulize: je, muda unaathiri? Familia ikihitaji miezi sita kukusanya fedha za roboti, kuna hasara?

Mpasuaji wa Bara

Ndiyo, inaweza kuwepo. Baada ya jeraha hatupendi kurekebisha wakati eneo bado limevimba na lina usaha; kama halikugunduliwa katika siku za mwanzo, tunatoa nyongo nje, tunatibu maambukizo, tunamlisha mgonjwa, na tunasubiri wiki sita hadi 12 kovu litulie. Mdogo wake Kaka wa Pangani amekwisha kuupita muda huo. Kutoka hapo kila mwezi unaoongezeka una gharama: mpira unaweza kuziba au kuchomoka, maambukizo hurudi, na ini ambalo baadhi ya mirija yake haitoki vizuri huanza kujenga makovu ndani, jambo ambalo mwisho wake ni ini kuwa gumu. Ningekuwa ndugu yake, mkato wa mwezi ujao kwa bingwa wa kweli ningeuchagua kabla ya roboti ya mwakani.

Mama wa Likoni ameligusa jambo la kufuatiliwa, nami namwongezea hili. Baada ya utumbo kuunganishwa kwa umbo la Y, kamera ya kawaida ya ERCP haifiki tena kwenye kiungo kwa urahisi, maana njia imekuwa ndefu. Kikibana, mara nyingi mtaalamu wa mionzi atapita tena ubavuni na kupanua kwa puto. Kwa hiyo tafuteni tangu sasa hospitali iliyo karibu nanyi yenye mtu anayeweza kazi hiyo, popote atakapopasuliwa.

Mkizungumza na madaktari wote wawili, muulizeni kila mmoja maswali yaleyale: kwa mikono yako mwenyewe umerekebisha mirija mingapi iliyojeruhiwa, wangapi kati yao umewaona baada ya miaka mitano, na wangapi walibana tena. Kwa anayetumia roboti ongezeni: ni mingapi kati ya hiyo umeifanya kwa roboti, na ni mara ngapi umelazimika kufungua tumbo. Daktari anayeifanya kazi hii hatakasirika. Ana majibu, kwa sababu huwaza hesabu hiyo kila anapolala.

Kaka wa Pangani

Wanajukwaa, narudi baada ya wiki mbili, na shukrani zangu hazina kipimo. Tulifanya kama mlivyoelekeza. Kipimo cha CT kilionyesha kwamba mshipa wa kulia wa ini uko salama, na hilo peke yake lilimfanya mama alale usiku huo.

Daktari wa nyumbani tulimuuliza maswali yale ana kwa ana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa unyoofu kwamba amefanya marekebisho manne tu yaliyo juu kiasi hicho, na kwamba kama angekuwa dada yake angemtafutia mtu aliyefanya mengi zaidi. Alituandikia rufaa yeye mwenyewe, na namheshimu kuliko nilivyomheshimu mwanzo. Daktari wa India tulizungumza naye kwa video. Alisema marekebisho mengi aliyoyafanya ni ya wazi na machache ni ya roboti, akaziangalia picha tena mbele yetu, akaonyesha kwa kalamu pale vibanio vilipo, na kusema kwamba kwa kovu lililopanda hivi angependelea kufungua tumbo. Ile karatasi ya bei ya roboti, alisema, ilitolewa na ofisi ya wagonjwa wa nje ya nchi kabla yeye hajaona picha.

Basi ni mkato, na shamba halitauzwa lote. Mdogo wangu aliposikia alikaa kimya, akauliza kovu litakuwa na urefu gani, nikamsomea maneno ya Mama wa Likoni kuhusu mto na mahamri, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani. Amechomwa vitamini K jana. Tunaondoka Jumanne ijayo na picha zote kwenye diski mbili, moja kwenye begi lake na moja kwenye langu, na yeye ameshona kimfuko cha kitenge chenye mkanda wa begani ili ule mfuko wa plastiki wa nyongo usionekane uwanja wa ndege.

Mama wa Likoni

Mwambie asisahau kubeba mto mdogo wa kushika tumboni. Wa hospitali ni mgumu.